Mtazame asiyelia

Mdogo wangu uliye na mimba ya tatu huku wa pili bado ananyonya, nakuandikia wewe kwanza, na wengine mnaoingia kwenye malezi ya watoto waliofuatana. Mimi ninao wanne. Kifungua mimba ana miaka 8, wa pili 5 na nusu, wa tatu 3, na kitinda mimba ametimiza miezi 11. Tunaishi Mbagala, vyumba viwili na sebule. Baba yao ni dereva wa lori. Akishika njia ya Tunduma naweza kumaliza wiki tatu sijamwona. Nashona nyumbani, cherehani iko barazani.

Utaambiwa watoto wakiwa wengi wanajilea wenyewe. Usikubali. Wanacheza pamoja na wanafundishana kuongea, basi. Nyumba ya namna hii inaendeshwa na kelele: anayelia ndiye anayebebwa, anayegaragara chini ndiye anayesikilizwa. Aliyetulia unamshukuru Mungu kwamba ametulia, unaendelea na kazi.

Mwaka juzi wakati wa masika, wa tatu alikuwa anaota meno. Alilia kuanzia alfajiri, nikashinda naye mgongoni kwenye mbeleko, na nilikuwa na sare za shule za watu za kumalizia. Wa pili alikuwa na miaka 3 na nusu, ameshajua kwenda choo cha uani peke yake, jambo nililojivunia sana mbele ya majirani. Siku ile alikwenda na kurudi, akaenda tena, na mimi sikuhesabu. Jioni nikamkuta amelala kwenye mkeka karibu na mlango. Hakuwa analia. Midomo imekauka, macho yameingia ndani. Nikamfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kidogo kabla ya kurudi, dalili ya kuishiwa maji mwilini. Jirani akaita bajaji.

Nesi akaniuliza, "Ameharisha mara ngapi leo?" Sikujua. "Amekojoa saa ngapi?" Sikujua. Aliyejibu ni kifungua mimba, wakati huo ana miaka 6, tulikwenda naye kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia: "Ameenda chooni mara nne tangu mimi nimerudi shule." Tukapewa ORS, ile dawa ya unga inayochanganywa na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini, nikamnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, kwa muda wa saa 4, nesi akipita kumwangalia. Akitapika tunasubiri dakika 10 tunaanza tena polepole. Usiku akaomba uji. Nilimshukuru Mungu, lakini lile swali la mara ngapi limekaa nami mpaka leo.

Tangu hapo kuogesha jioni nimekugeuza kuwa ukaguzi. Zamani niliwaweka wote kwenye beseni moja, sabuni, maji, wametoka. Sasa naogesha mmoja mmoja, na naanza na aliyekuwa kimya kuliko wenzake siku hiyo. Naangalia nyuma ya masikio, kichwani kama kuna mapunye, kwapani, tumboni, vidole vya miguu. Huku namwaga maji namuuliza: umeenda chooni mara ngapi? Ilikuwa ngumu au ya maji? Nani amekupiga? Mtoto akiwa peke yake na mama kwenye beseni husema yale ambayo mbele ya wenzake hayatoki. Kwa mtoto mmoja inachukua kama dakika 5. Maji yakikatika natumia nusu dumu kwa kila mmoja, lakini siruki. Wa pili siku hizi akienda chooni anatangaza mwenyewe kutoka uani: "Mama, hii ya kwanza!"

Weka ORS na zinki, dawa anayopewa mtoto anayeharisha, ndani ya nyumba kabla hujavihitaji. Pakiti ya ORS iliyoandikwa lita 1 inachanganywa na lita 1 ya maji safi na salama, si zaidi, si pungufu. Chunguza chupa unayopimia, kwa sababu chupa nyingi kubwa za maji ya dukani ni lita 1 na nusu. Mimi nimechora mstari kwa kalamu ya wino mzito. Kilichobaki baada ya saa 24 mwaga. Zinki mmalizishie siku alizoandikiwa, 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Na usimnyime chakula wala ziwa kwa kuogopa kwamba ataharisha zaidi.

Halafu nunua daftari dogo, ulitundike pale unapoweka dawa, kalamu uifunge kwa uzi. Kwenye nyumba yenye watoto wanne na watu wazima wawili dawa hutolewa mara mbili bila mtu kujua. Dada anayenisaidia alimpa mtoto dawa ya homa saa sita mchana, nami nikampa tena saa saba, kila mmoja wetu akidhani mwenzake hajampa. Mtoto hakudhurika, lakini sikulala usiku ule. Sasa tunaandika: nani, dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Asiyeandika hagusi chupa.

Kadi za kliniki ziweke zote kwenye mfuko mmoja. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huwezi kuzisahau, mtoto bado ni mchanga na macho yote yako kwake. Ya surua na rubella ya miezi 9 nayo utaikumbuka. Inayopotea ni ya miezi 18, kwa sababu kufikia hapo huenda una mimba nyingine au una kichanga kingine, na yule wa miezi 18 anatembea, anakula, hana shida. Hizo tarehe nimempa baba yao. Akiwa njiani ndiye anayepiga simu jioni kabla ya kliniki, na watoto wanajua baba hajawasahau.

Yule aliyenyang'anywa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja, mvumilie. Atarudia kukojoa kitandani, atataka kubebwa. Mbebe.

Na binti yako mkubwa usimfanye mama wa pili. Hili nimelikosea. Kwa kuwa alijibu vizuri siku ile hospitalini, nikaanza kumtegemea: mshike mdogo wako, mlishe, mwangalie. Hakuwahi kulalamika. Mwalimu wake ndiye aliyeniita shuleni, akanionyesha daftari la hesabu lenye kurasa tupu. Nikagundua nilikuwa nimepata mtoto mwingine asiyelia. Sasa ana kazi mbili tu, kuokota viatu na kukunja nguo zake, na baada ya kula usiku meza ya cherehani ni yake, taa ni yake, hakuna kutumwa. Jumamosi asubuhi wadogo zake wakiwa kwa bibi yao Tandika, tunakwenda sokoni mimi na yeye tu. Anabeba kikapu, nami namwacha asimulie, njia nzima.