Gari dogo la kwanza kwa dereva mpya mwenye milioni 9

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umepata leseni ya daraja D hivi karibuni, kwamba unaishi Kibaha na kazi yako iko Dar es Salaam, kwamba bajeti yako ni shilingi milioni 9, na kwamba kila unayemuuliza anakuambia ununue Toyota IST. Mimi si fundi, lakini nimeendesha magari madogo kwa miaka mingi, na ndugu pamoja na wafanyakazi wenzangu huniomba niwasindikize wanapokwenda kukagua gari lililokwisha tumika hapa nchini, hivyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona. Kwa kifupi, tenga kwanza kama milioni 1.5 kwa ajili ya matengenezo ya mwanzo, uhamisho wa umiliki na bima, kisha utafute gari zima kwa kiasi kinachobaki, hata kama gari hilo halitakuwa IST.

Sina ugomvi na IST. Ile ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, ina injini ya lita 1.3 au 1.5 inayotumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, gea boksi yake ya otomatiki ni ya kawaida ya gea nne, spea zake zimejaa Gerezani kule Kariakoo, na hakuna fundi wa mtaani asiyeifahamu. Tatizo ni kwamba sifa hizo zote zimekwisha wekwa ndani ya bei. Mwenye IST iliyochoka anajua wateja hawakosekani, kwa hiyo anaiuza kwa fedha ambayo ingekupatia Vitz iliyotunzwa na mtu mmoja tangu ilipoingia nchini. Mimi ningechukua hiyo Vitz bila kusita.

Vitz ya mwaka 2005 hadi 2010 ndiyo ningeanza nayo. Yenye injini ya cc 990 ina silinda tatu, kwa hiyo usishtuke ukisikia mtetemo kidogo gari likiwa limesimama huku injini inaunguruma. Huo ni mwendo wake wa kawaida. Kitu cha kuogopa katika injini hiyo ni kula oili, hasa kama mwenye gari alikuwa mvivu wa kubadilisha. Passo nyingi zina injini hiyo hiyo, na maelezo ni yale yale. Kwa safari ya Kibaha hadi mjini ukiwa peke yako cc 990 inatosha, ila kama utabeba familia na kiyoyozi kikiwashwa wakati wote, tafuta ya 1.3. Hapo ujue kwamba Vitz nyingi za 1.3 za kizazi hicho zina gea boksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gea za hatua, kama ilivyo kwa Honda Fit nyingi, na gea boksi za namna hiyo zinataka oili yake maalumu. Fundi akiweka oili yoyote aliyoikuta dukani, gari litaanza kutetemeka linapoondoka, na baada ya hapo gharama haina huruma. Starlet ni gari gumu kweli kweli, lakini umri wake sasa unamtaka mwenye uzoefu wa gereji. Aina zenye magurudumu manne ya kuvuta nazo ziache, kwa sababu zinakuongezea vitu vya kuharibika ambavyo huvihitaji.

Ukishapata gari la kwenda kuliangalia, mwambie muuzaji au dalali asiliwashe mpaka ufike, na ufike asubuhi. Weka kiganja juu ya boneti kabla hamjasalimiana sana. Injini iliyokwisha pashwa moto inaficha mambo mengi: kelele ya cheni, moshi wa sekunde za mwanzo, hata ugumu wa kuwaka. Kama boneti ni ya moto, omba kurudi siku nyingine, na ukiona anakasirika basi umekwisha pata sehemu ya jibu.

Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Ndani unatakiwa kuona kimiminika chenye rangi, kiwe cha kijani au chekundu, wala si maji yenye kutu au yenye utando wa mafuta juu yake. Fungua pia kifuniko cha kuwekea oili juu ya injini na utazame upande wake wa ndani. Ukikuta utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji na oili vimekutana, na hapo shaka ya kwanza ni gasketi ya silinda hedi. Kisha mwambie muuzaji awashe gari huku wewe ukitazama feni ya rejeta. Feni inatakiwa kutulia kwanza na kuanza kuzunguka injini inapopata joto, au pale kiyoyozi kinapowashwa. Ikianza kuzunguka mara tu ufunguo unapogeuzwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba imeungwa daireki kwenye betri, na mara nyingi thamostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, nayo imeng'olewa. Mafundi wetu hufanya hivyo gari likiwa na historia ya kuchemsha, wakitibu dalili na kuuacha ugonjwa. Tulikwenda kukagua gari moja Tabata, limeng'arishwa mpaka unajiona usoni, na feni yake ilikuwa ikizunguka kabla injini haijawaka. Fundi niliyekuwa naye aliinama, akanionesha waya mwekundu uliofungwa kwa utepe mweusi kutoka kwenye betri, akanyanyuka na kuanza kutafuta pikipiki ya kutupeleka kituoni.

Moshi nitaupitia haraka kwa kuwa wengi wanaujua: wa bluu ni oili inayoungua, mweupe mzito usiokoma ni maji, mweusi ni mafuta yanayozidi.

Gea boksi ndiyo inayowaumiza wanunuzi wapya, kwa sababu dereva aliyejifunzia gari la gea za mkono hajui otomatiki nzima inavyohisi. Kanyaga breki, toa gea kutoka P (kuegesha) kwenda R (nyuma), kisha D (mbele). Gari liingie gea mara moja na kwa upole, bila kishindo na bila kukaa likifikiri. Barabarani, sikiliza kama injini inanguruma zaidi huku mwendo hauongezeki. Huko ni kuteleza, na usikubali kuambiwa kwamba ni oili tu inayohitaji kubadilishwa. Liendeshe mpaka lipate joto hasa, angalau nusu saa, ukipita kwenye foleni na kwenye mwinuko wowote ulio karibu, kwa kuwa gea boksi mbovu nyingi huwa na adabu zikiwa baridi.

Kabla ya kuwasha, geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake zote. Taa ya injini, ya ABS (breki zisizoganda) na ya mifuko ya hewa lazima zionekane hapo, kisha zizimike baada ya gari kuwaka. Taa ambayo haikuwaka kabisa inatia shaka kuliko ile inayobaki ikiwaka, kwa maana kuna watu huing'oa balbu yake wakaita hayo matengenezo. Na kwa kuwa tumetaja mifuko ya hewa: baadhi ya Vitz na Honda Fit za miaka hiyo zimo katika yale magari yaliyoitwa kurudishwa kwa sababu ya mifuko ya kampuni ya Takata ya Japani, ambayo kemikali yake huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na mfuko ukifumuka unaweza kurusha vipande vya chuma. Hali ya hewa ya pwani yetu ndiyo hiyo hiyo ya joto na unyevu. Chukua namba ya chesisi uiingize katika tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji wa gari husika, uone kama inadaiwa marekebisho hayo na kama yalifanyika.

Kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi usizitegemee, zinarudishwa nyuma kwa urahisi. Tazama raba ya pedali ya breki, usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Gari linalodaiwa kutembea kilometa 70,000 halafu pedali imelika mpaka chuma linasema uongo. Angalia pia kama kuna alama ya kishikio cha simu kwenye dashibodi. IST, Vitz na Passo nyingi zimefanya kazi ya teksi za mtandaoni, na kilometa za kazi hiyo si za mchezo. Inua zulia la buti uangalie chini ya tairi la akiba kama kuna kutu au mabati yaliyonyooshwa.

Kwenye karatasi usiwe na haya. Jina lililo kwenye kadi ya gari liwe la huyo anayekuuzia, na kitambulisho chake cha NIDA ukione kwa macho. Ukiambiwa kadi iko benki au kwa mtu aliyemkopesha, mazungumzo yasimame hapo mpaka deni liishe na kadi iwe mezani. Tafuta namba ya gari kwenye mfumo wa TMS wa polisi ujue faini zilizopo, na uangalie madeni ya maegesho ya TARURA, vinginevyo utayalipa wewe. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, fedha ipite benki, na uhamisho wa umiliki TRA uanze siku hiyo hiyo. Kukubali kwamba mtakwenda wiki ijayo ni kukaribisha usumbufu. Bima, kwa dereva mpya, ningeshauri iwe kubwa (comprehensive), lakini uliza kwanza kama kampuni itakubali gari la umri huo.

Ile milioni 1.5 itaishia kwenye oili ya injini na ya gea boksi, plagi, vitambaa vya breki, na pengine matairi. Pembeni ya tairi kuna tarakimu 4: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na kashata (michirizi ya tairi) nzuri haziondoi uzee wa mpira. Kama vioo vina tinti nyeusi, ibandue siku ya kwanza, maana usiku wa Morogoro Road ni mgumu hata kwa wazoefu.

Ukipata gari, weka hapa herufi na namba za mwanzo za chesisi pamoja na mwaka. KSP90 ni Vitz ya cc 990, SCP90 ni ya 1.3, NCP60 na NCP61 ni IST za 1.3 na 1.5, KGC10 ni Passo ya cc 990. Nikiziona nitakuambia injini na gea boksi iliyotoka nayo kiwandani, ili ulinganishe na maneno ya dalali.