Klipu za 4K zinakwama kila nikikata: ninunue SSD, RAM au mashine mpya?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Mwanga, Kigoma. Napiga video za harusi na sendofu, hapa mjini na Ujiji. Nina kamera mbili za Sony, zote nimeziweka kwenye XAVC HS 4K, fremu 50, 4:2:2 biti 10, na simu moja ya pembe ya ziada. Naediti kwa Premiere Pro kwenye laptopu ya Ryzen 5 ya mfululizo wa 5000, RAM GB 16, kadi ya RTX 3050. Klipu zinakwama kila ninapokata, na picha ya simu inaachana na sauti baada ya kama dakika ishirini. Fundi mmoja kaniambia ninunue SSD ya nje, mwingine niongeze RAM, wa tatu niuze yote nichukue mashine ya milioni nne. Nimfuate yupi?

JIBU: Kwa sasa usimfuate hata mmoja, ndugu yangu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, nenda kwenye Performance, kisha cheza klipu moja ya kamera ndani ya Premiere huku ukitazama namba. Kwa mashine uliyoitaja, prosesa itapanda hadi karibu asilimia 100. Ukibofya GPU (yaani kadi ya grafiki), mstari wa Video Decode utakuta umelala kwenye sifuri, na diski inafanya kazi kidogo tu. Kadi uliyoilipia inakaa bure, mzigo wote kaubeba prosesa peke yake.

Sababu ni aina ya faili. XAVC HS ni H.265, njia ya kubana video ili faili liwe dogo, na ndani ya faili hilo fremu nyingi si picha kamili. Picha kamili huja mara moja baada ya fremu kadhaa, na zile za katikati zimeandikwa mabadiliko tu. Ukikata katikati, programu inalazimika kurudi nyuma kutafuta picha kamili, halafu ijenge fremu moja moja mpaka ifike pale ulipokata. Ndiyo maana ukiiacha klipu icheze moja kwa moja inajitahidi, ila ukianza kukata na kurukaruka inasimama. Kazi hiyo ya kufungua faili kwa kawaida hufanywa na sehemu maalumu ndani ya kadi ya grafiki, lakini sehemu hiyo kwa miaka mingi imetengenezwa kwa ajili ya 4:2:0, aina inayohifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko 4:2:2, na ndiyo inayotumika kwenye simu, televisheni na YouTube. Ya RTX 3050 yako haifungui 4:2:2, na grafiki iliyomo ndani ya Ryzen yako haifungui pia. Hata RTX 4090, kwa bei yake yote, haifungui, wakati laptopu ya kawaida ya Intel i5 kizazi cha 12, isiyo na kadi ya ziada, inaicheza H.265 ya 4:2:2 bila shida. Wauzaji wengi hawalijui hili, kwa hiyo usishangae kuambiwa vinginevyo dukani.

Sasa tuwapime mafundi wako. Kamera ikiandika megabiti 200 kwa sekunde, ukigawa kwa 8 unapata megabaiti 25. Kamera mbili zikicheza pamoja ni 50. Hadi diski ya kawaida ya nje kwenye USB 3 inatoa kama 100, kwa hiyo SSD haitaondoa kukwama huku. Angalia tu usiwe umeichomeka kwenye tundu la USB 2, maana pale hupati zaidi ya 40 hivi. RAM ya GB 32 ni nzuri kwa 4K na siku moja utaihitaji, lakini nayo haifungui faili.

Tiba ya harusi zijazo haina gharama yoyote. Ingia kwenye menyu ya kamera, badilisha 4:2:2 biti 10 iwe 4:2:0 biti 10, fremu 50 zibaki. RTX 3050 inaifungua hiyo. Kwa harusi hutaona tofauti, na video utakayomkabidhi bwana harusi itakuwa 4:2:0 vilevile. 4:2:2 ina faida ukipiga mbele ya kitambaa cha kijani au ukivuta rangi kwa nguvu sana, kazi ambazo ukumbini hazipo. Usiende mpaka biti 8, yenye hatua chache za rangi, kama unapiga S-Log3 (ile picha iliyofifia ya Sony inayorekebishwa rangi baadaye), maana mawingu na kuta zitaonyesha mistari ya rangi ukianza kuzirekebisha.

Kwa kazi uliyokwisha kupiga, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kueditia. Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo soma polepole.

Anza na majina. Kamera za Sony huanza kuhesabu C0001, C0002, na kuendelea. Ukiwa na mbili una C0001 mbili, na proksi zake zote zikiangukia folda moja, zote zinataka kuitwa C0001_Proxy. Matokeo yake ni kwamba unaona bibi harusi anaingia, kumbe eksporti inatoa wapishi jikoni. Tengeneza folda KAM-A na KAM-B, kila moja na folda yake ya proksi. Nakili folda yote ya kadi, ile PRIVATE yenye M4ROOT ndani, usichomoe MP4 peke yake. Na iwe kunakili, si kukata na kubandika, ili kadi ibaki na mali mpaka uhakikishe nakala mbili zipo kwenye diski mbili tofauti. Kwa kazi zijazo, badilisha jina la mwanzo la faili kwenye menyu ya kila kamera, moja ianze na A, nyingine B.

Ndani ya Premiere, chagua klipu za KAM-A zote, bofya kulia, Proxy, halafu Create Proxies. Chagua DNxHR LB au ProRes Proxy, fomati nyepesi za kueditia. Ukiweka 1920 kwa 1080 kwa fremu 50, kila saa moja ya picha itakula GB 33 hivi. Kamera mbili zikirekodi saa tatu kila moja, hiyo ni karibu GB 200. Diski ikiwa imebana, shuka hadi 960 kwa 540, utatumia kama robo ya hapo, na kwa kukata na kupanga inatosha kabisa, ila usipimie nayo ukali wa fokasi. Idadi ya fremu isiguswe: proksi ya fremu 25 kwa klipu ya 50 itakuletea vurugu. Idadi ya chaneli za sauti nayo ifanane na ya faili mama, vinginevyo Premiere itakataa kuiunganisha au itachanganya sauti.

Kabla ya kuiacha usiku, pima kwa klipu moja ya dakika tano uone inachukua muda gani, uzidishe. Zima kabisa usingizi wa laptopu. Umeme ukikatika laptopu ina betri, lakini diski kubwa ya mezani yenye adapta yake inazima papo hapo ikiwa katikati ya kuandika, na kama umeiformati kwa mfumo wa exFAT, unaweza kuamka ukute folda hazifunguki. Tumia diski ndogo inayokula umeme wa USB wa laptopu, au iweke ile kubwa kwenye UPS.

Ukimaliza, ongeza kitufe cha Toggle Proxies chini ya skrini ya Premiere. Kikiwa cha buluu unaona proksi. Kizime unapofika kwenye rangi. Eksporti yenyewe hutumia faili mama, ilimradi hujaweka tiki kwenye Use Proxies.

Simu sasa, na hii ina ugonjwa mwingine kabisa. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, fremu zinapungua, zikirudi zinaongezeka, huku sauti inakwenda mwendo uleule. Fungua klipu kwa MediaInfo, programu ya kusoma taarifa za faili. Ukikuta Frame rate mode imeandikwa Variable, ndiyo hiyo. Ipitishe HandBrake, programu ya kubadilisha video: H.264, ubora RF 17, Constant Framerate, na namba iwe ileile iliyopigwa, kama ni 30 iache 30. Faili jipya ndilo uliingize kwenye mradi, la zamani uliweke kando.

Usichanganye hilo na kuachana kwa kinasa sauti cha pembeni, kama unacho. Saa ya ndani ya kinasa na ya kamera hazilingani kamwe. Tofauti ya sehemu 20 katika milioni inakupa milisekunde 72 kwa saa, karibu fremu mbili kwenye taimlaini ya 25. Huko kunaongezeka polepole kwa kiwango kilekile. Linganisha mwanzo, kata sauti pale mshereheshaji anaponyamaza, isogeze, endelea. Ikiwa kuachana kunakwenda mbele na kurudi nyuma, basi ni simu.

Na simu iweke fremu 25 kama inaruhusu. Kwenye iPhone kuna sehemu ya kuwasha fomati za PAL (zile za fremu 25) ndani ya mipangilio ya kurekodi video. Umeme wetu ni hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, hivyo fremu 30 zenye shata ya 1/60 huleta mistari inayopanda kwenye ukuta wa ukumbi. Shata ya 1/50 inaituliza, na 30 kuigeuza 25 kunamfanya mtu anayetembea aonekane anadonoadonoa hatua.

Mashine ya milioni nne iache kwanza. Siku ukiamua kununua, muulize muuzaji prosesa: Intel kuanzia kizazi cha 11 yenye grafiki ya ndani (za mezani zenye herufi F mwishoni hazina), Mac ya M1 kwenda juu, au kadi ya mfululizo wa RTX 50. Intel nyingi zinafungua 4:2:2 ya H.265 pekee. Ukipiga XAVC S ya biti 10 ya 4:2:2, ambayo ni H.264, Intel hizo nazo zitakwama, na hapo chaguo ni Mac au RTX 50. Nenda na klipu yako kwenye flashi, uinakili kwenye mashine yao, uicheze palepale dukani na Task Manager ikiwa wazi.