Usiulize uko nambari ngapi kwenye foleni ya figo

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, wameniweka kwenye orodha ya kupandikizwa figo. Nitajuaje niko nambari ngapi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Swali hilohilo nilimsumbua nalo nesi wa mashine ya kusafisha damu mwaka mzima.

Dada yangu, hii si foleni ya benki. Figo ya marehemu ikipatikana wanaangalia kundi la damu, tishu, umesubiri muda gani, na kama siku hiyo uko sawa. Sisi wa kundi O ndio tunaoumia: figo ya O yaweza kumfaa wa kundi lolote, sisi kwa kawaida twapokea ya O tu. Hata Marekani, ambako upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika mwaka 1954, pacha akimpa pacha mwenzake, watu husubiri figo ya marehemu miaka 3 hadi 5.

Mimi nilipigiwa saa tisa usiku. Begi lilikuwa nyuma ya mlango miezi na miezi. Nikafika mbio, wakachanganya damu yangu na seli za mtoaji, zikakubaliana. Kisha daktari akanifungua kinywa. Jino! Limeoza, lina usaha, nami nimelificha miezi minne kwa kuogopa kung'olewa. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo hushusha kinga. Usaha ule ungeweza kuniua. Figo akapewa bwana aliyeitwa kama akiba, tuliyekaa naye benchi moja. Alinipa mkono. Niliupokea bila kumtazama usoni. Kesho yake nikarudi kwenye mashine, masaa yangu manne, mara tatu kwa wiki kama kawaida.

Basi nenda kang'oe jino. Vipimo vikikaribia kuisha muda, virudie kabla hujaambiwa. Na ndugu akikuahidi figo mbele za watu, mshukuru, ila mwambie akapimwe wiki hiyohiyo. Hata damu zisipoendana, zipo hospitali zinazobadilishana watoaji kati ya familia mbili. Binamu yangu aliapa, watu wakapiga makofi. Hapokei simu zangu mpaka leo. Najua simdai kitu, figo ni yake, lakini moyo haujatulia. Watu waache kuahidi viungo kama wanaahidi soda!

Yangu ilikuja simu ya pili, ina miezi saba sasa. Kwenye mashine hata maji tulikunywa kwa kipimo; leo asubuhi nimekunywa jagi zima bila kupima. Nawe simu yako usiizime usiku, na jino kang'oe kesho.