Kati ya Kurasini na Kibaha, Tupange Wapi?

SWALI: Mshauri, mimi ni muuguzi, na mwezi ujao ninahamia kituo kipya cha kazi huko Tumbi, Kibaha. Mume wangu ni karani katika ghala la mizigo Kurasini, karibu na bandari. Kwa sasa tumepanga Tandika pamoja na mtoto wetu wa mwaka 1 na dada wa kazi. Kazi yangu ni ya zamu: ya asubuhi, ya mchana inayoisha saa 2 usiku, na ya usiku. Mume wangu huingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, ila kazi ikizidi bandarini huchelewa. Mama mkwe anashauri tukae Kimara kwa kuwa ni katikati, wafanyakazi wenzake mume wangu wanasema Tabata, na dalali ametuonyesha nyumba nzuri ya kodi nafuu Kimara, chini bondeni. Kinachonisumbua zaidi ni usalama, kwa sababu niliwahi kuporwa mkoba nikitoka zamu na tangu hapo ninatembea usiku kwa hofu. Tuchague vipi? (Muuguzi, Tandika)

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa yaliyokupata. Hofu hiyo usiione kuwa udhaifu wa kuficha. Ndiyo itakayokusaidia kuchagua vizuri, kwa kuwa wewe unayajua mambo ambayo mtu asiyewahi kuporwa hayatazami.

Nianze na ushauri wa mama mkwe, maana una hesabu ndani yake. Kutoka Kurasini hadi Ubungo kwa barabara ya Mandela ni takriban kilomita 15, kutoka Ubungo kuna kilomita chache tena kufika Kimara, na kutoka Kimara hadi Kibaha ni kilomita zipatazo 19, kwa hiyo ukipima kwa kilomita tupu Kimara iko katikati kweli. Lakini ninyi mna mtoto mdogo, na kwa wazazi wa mtoto mdogo katikati ni mahali ambapo wote wawili mko mbali. Fikiri dada wa kazi anapiga simu saa 8 mchana kusema mtoto ana homa kali: wewe uko zaidi ya kilomita 20 upande mmoja, baba yake yuko zaidi ya kilomita 20 upande wa pili nyuma ya foleni ya malori ya makontena, na hakuna hata mmoja anayeweza kufika upesi. Ndiyo maana ninawashauri wanandoa wa namna hii waache kutafuta mahali pa kugawana umbali sawasawa, wakubaliane kwanza ni nani kati yao anayepaswa kuwa karibu na nyumba, kisha watafute nyumba upande wake.

Kwenu ninyi jibu ni wewe, na sababu si kwamba wewe ni mama. Sababu ni saa zako za kazi. Mumeo akitoka saa 11 jioni anasafiri katikati ya umati, na hata akichelewa, huchelewa siku chache. Wewe utakuwa barabarani baada ya saa 2 usiku kwa utaratibu, zamu baada ya zamu, na siku za zamu ya usiku utatoka nyumbani giza likiwa limeingia. Kila kituo cha kubadilishia gari ni mahali utakaposimama gizani na mkoba wako begani, na kila kituo kinachopungua kinakuongezea usalama kuliko kufuli lolote la geti. Magari mengi ya Kibaha huishia Mbezi Mwisho, iliyo kati ya Kimara na Kibaha. Ukikaa Tabata utabadilisha Mbezi na pengine tena Ubungo. Ukikaa Kimara utabadilisha Mbezi. Ukikaa Mbezi utashuka na kwenda nyumbani.

Tena kuna jambo ambalo watu wengi husahau wanapopima umbali, nalo ni upande inakoelekea foleni. Asubuhi jiji zima linaelekea Kariakoo, Posta na bandarini, na wewe utakuwa unaelekea Kibaha, yaani unapishana na msongamano badala ya kuingia ndani yake. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane katika sehemu kubwa, kwa hiyo kilomita zako ni nyepesi. Kilomita za mumeo kutoka Ubungo kwenda Kurasini ni nzito, na atazipita iwe mnakaa Kimara au Mbezi. Anachoongezewa kwa kukaa Mbezi ni kipande cha barabara pana tu, ingawa si haki kukidharau, kwa sababu kitamlazimu kuamka mapema zaidi kila siku ya kazi.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba mtafute nyumba Mbezi Mwisho, ile inayoitwa pia Mbezi Luis, wala si Mbezi Beach ambayo iko barabara ya Bagamoyo na haikufai hata kidogo. Mweleze dalali hivyo mapema asije akawazungusha bure. Tangu stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilipohamia pale mwaka 2021, eneo hilo limekuwa na taa, maduka na watu hadi usiku sana. Stendi huvuta vibaka pia, nami sikushauri ukae ubavuni mwake. Ninachokushauri ni mtaa ulio mwendo wa dakika chache kutoka kituoni, ambao njia yake kutoka lami hadi nyumbani ina nyumba zinazokaliwa pande zote mbili.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako, na ninaomba unisome taratibu. Watu huuliza, "Je, Mbezi ni salama? Tabata ni salama? Kimara je?" Swali hilo halina jibu, kwa kuwa ndani ya kata moja kuna mtaa ambao mama anauza chapati hadi saa 5 usiku bila wasiwasi, na hatua 200 kutoka hapo kuna kichochoro ambacho wenyeji wenyewe hawakipiti baada ya magharibi. Mwaka 2022, makundi ya vijana wanaojulikana kama Panya Road yalipovamia nyumba za watu usiku, sehemu zilizoguswa zilikuwa pande mbalimbali za jiji, na si zote zilizokuwa na jina baya kabla ya hapo. Wewe pima njia yako: kutoka mlango wa daladala hadi mlango wa nyumba yako, kwa saa ile utakayoipita.

Usilipe senti kabla ya kuipita njia hiyo usiku. Nenda na mumeo saa 2 na nusu, siku ya kazi, kisha rudini siku ya Jumapili ambayo maduka mengi hufungwa mapema. Tazameni kama kuna mapagala, zile nyumba zilizoachwa bila kumalizika, kwa maana ndimo wanamojificha wavutaji bangi na waporaji. Tazameni viwanja vitupu vilivyoota vichaka, kuta ndefu za uzio zisizo na mlango hata mmoja, na madaraja membamba ya makorongo ambapo mtu akikuzuia huna pa kukimbilia. Muuza chipsi aliye na taa yake ya balbu pembeni mwa njia ni ulinzi mkubwa kuliko ukuta wa vipande vya chupa, kwa kuwa ukuta haupigi kelele na yeye atapiga. Mkipita mkaona wanawake wengine wanatembea peke yao bila kuharakisha, hiyo ni habari njema. Mkiona wote wanashuka kituoni na kupanda bodaboda hata kwa mwendo mfupi, basi wanajua jambo msilolijua.

Kisha ulizeni watu, lakini msimwulize dalali wala mwenye nyumba, kwa sababu kwao kila mtaa ni tulivu. Muulizeni mwenye duka, mama lishe, na vijana wa kijiwe cha bodaboda, kila mmoja peke yake. Msiulize kama pana usalama, maana mtajibiwa "hapa pako shwari". Ulizeni mara ya mwisho mtu alipoibiwa ni lini, na alikuwa anapita wapi. Nendeni pia ofisi ya serikali ya mtaa mkaulize kama ulinzi shirikishi upo, walinzi wanalipwa na nani, na wanaanza doria saa ngapi. Mtaa ambao mwenyekiti anajibu maswali hayo bila kusitasita, na majirani wanaijua siku ya kuchangia ulinzi, unajilinda kweli. Kwa siku za mvua au uchovu, chagueni dereva mmoja wa bodaboda au bajaji wa kijiwe hicho, anayefahamika kwa wenzake, mwelewane naye akupokee kituoni.

Kuhusu ile nyumba ya bondeni Kimara, sikufichi: nisingeipanga. Kimara na Mbezi ni maeneo ya vilima na makorongo, na kodi ya bondeni huwa nafuu kwa sababu ambazo hazionekani wakati wa kiangazi. Mvua za masika zikianza mwezi Machi, njia za udongo hukatika, bodaboda hukataa kushuka mteremko, na mama mwenye mtoto mgongoni hulazimika kuuparamia kwa miguu katika tope. Gari la wagonjwa halifiki, wala gari la polisi. Kwako hilo ni suala la usalama sawa na suala la waporaji, kwa kuwa njia isiyopitika gari usiku wa mvua ni njia ambayo utaitembea peke yako. Ikiwezekana, itazameni nyumba yoyote mnayoipenda siku moja baada ya mvua kubwa, na muwaulize wapangaji wenzenu watarajiwa maji hufika wapi.

Katika aina ya nyumba nina maoni ambayo huenda mumeo asiyapende. Wanandoa vijana hupenda nyumba ya kujitegemea yenye uzio mrefu na geti lake, na ninaelewa sababu. Lakini fikiri usiku ambao wewe uko zamu Tumbi, mumeo amechelewa Kurasini, na ndani ya uzio ule mrefu yuko binti wa kazi na mtoto wa mwaka 1. Ningechagua uzio wenye familia mbili au tatu, geti moja linalofungwa kwa saa iliyokubaliwa, na jirani mmoja mtu mzima ambaye hushinda nyumbani. Mjulisheni jirani huyo ratiba yenu, mpeni namba za simu zenu nyote wawili, na mumfundishe dada wa kazi kwamba ndiye wa kumgongea kwanza kabla hata ya kuwapigia ninyi.

Sasa mumeo, ambaye katika mpango huu ndiye anayebeba safari ndefu. Njia yake ya kawaida itakuwa Mbezi hadi Ubungo, kisha magari yanayopita barabara ya Mandela kwa Buguruni na TAZARA. Anaweza pia kupanda mwendokasi Kimara hadi Gerezani, halafu gari la barabara ya Kilwa, na siku nyingi njia hiyo itamfaa. Ila mvua kubwa zikifurika Jangwani mabasi hayo husitishwa, kwa hiyo lazima awe na njia ya pili kichwani. Ipo pia barabara ya Malamba Mawili inayotoka Mbezi Mwisho hadi Kinyerezi, ambako atapata magari ya Segerea na Tabata bila kupita Ubungo. Ajaribu zote tatu kwa saa zake mwenyewe kabla hamjahama, kwa sababu kuna foleni ambazo huanza saa 12 asubuhi na akitoka nusu saa kabla ya hapo huzikwepa kabisa. Akikuambia baada ya majaribio hayo kwamba hawezi, mwamini. Mtu anayelala saa chache akiwa na kazi ya kuhesabu makontena naye yuko hatarini.

Kodi msilipe ya mwaka mzima, hata mkiahidiwa punguzo. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai miezi 6. Jaribuni kuomba 3, mkishindwa lipeni 6, muwe na nafasi ya kuondoka kama njia ya usiku itabadilika au kama utahamishwa idara na zamu zako zikabadilika. Fedha mkabidhini mwenye nyumba mwenyewe, kwa mkataba ulioandikwa, baada ya ofisi ya serikali ya mtaa kuwathibitishia kwamba ndiye. Dalali apewe haki yake, ambayo kwa desturi ni kodi ya mwezi 1, mkishapokea funguo.

Msipopata nyumba ya kuwaridhisha Mbezi Mwisho, songeni mbele kuelekea Kibamba kabla ya kurudi nyuma Kimara. Kibamba iko karibu zaidi na Tumbi, na Hospitali ya Mloganzila iko jirani kama mtoto akiugua usiku. Ubaya wake ni kwamba nyumba nyingi ziko ndani sana kutoka lami na viwanja vitupu bado ni vingi, kwa hiyo jaribio la kutembea saa 2 na nusu usiku ni la lazima maradufu. Tabata na Segerea ningezifikiria endapo tu mambo yangegeuka, yaani wewe ukapangiwa zamu ya asubuhi peke yake na mumeo akaanza kufanya zamu za usiku bandarini. Hapo anayepaswa kuwa karibu na nyumba angekuwa yeye, na hata Kinyerezi, yenye njia ya kwako ya Malamba Mawili hadi Mbezi na kisha Kibaha, ingewafaa wote wawili.