Wewe Lulu, yeye Elizabeth

Dada, hongera, na pole kidogo. Umesema kwenye kumchagulia mtoto jina moyo wako uko kwa Lulu, baba mtoto kang'ang'ania Elizabeth, jina la mama yake, na kila mkilizungumza mnaishia kununiana. Yawekeni yote mawili pembeni wiki moja. Msiyafute, yapumzisheni tu, maana sasa mnabishania ushindi na mtoto mmemsahau.

Wiki ikiisha, kila mmoja aandike majina kumi peke yake, bila kuchungulia ya mwenzake. Kisha badilishaneni karatasi, kila mtu akate yale asiyoweza kabisa kuishi nayo, na asiulizwe sababu. Hapo kwenye kutoulizana ndipo wengi wanapoharibu. Akikata jina kwa kuwa lilikuwa la mpenzi wake wa zamani, kweli unataka kujua?

Halafu Elizabeth ni jina lenye matawi mengi: Elsa, Lisa, Eliza, hata Isabel. Tawi moja linaweza kumridhisha mama mkwe, nawe ukapata jina fupi, maana nahisi ufupi ndio uliokuvutia kwa Lulu.

Yakibaki mawili au matatu, yaiteni kwa sauti pamoja na jina la baba, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Yaiteni na kwa ukali pia (siku hizo zitakuja!). Jina linalokukwama mdomoni litajulikana hapo hapo.

Mashangazi wasiambiwe chochote hadi cheti kiandikwe. Na Lulu likikosa nafasi kwenye cheti, mwite hivyo nyumbani, nani atakukataza?