Gundi haiingii kwenye mfereji: kwa mafundi wapya wa makabati ya jikoni

Juzi nimemkuta kijana wa karakana yetu anapaka gundi kwenye mfereji wa fremu ya mlango, yaani ule mchongo mwembamba wa kushikia paneli, anasukumiza paneli ya mbao ndani, anaibana kwa klempu huku anatabasamu. Nilipaza sauti hadi wenzake wakazima mashine. Nampenda kijana yule, mkono wake umetulia kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Lakini ni wa tatu mwaka huu, na nimechoka kuona kosa lile lile. Basi sikilizeni, wadogo zangu.

1. Anza na watu. Kaunta ya sentimita 90 imezoeleka, lakini msimamishe anayepika, akunje kiwiko, kisha shuka sentimita 10 hadi 15 kutoka hapo.

2. Usichukue vipimo vya mwisho kabla sakafu na plasta havijakamilika. Pima ukuta chini, katikati na juu, ushike kilicho kifupi, halafu weka guni, kile kipimo cha pembe mraba, kwenye kona. Kati ya kabati la mwisho na ukuta acha kipande cha kujazia cha sentimita 3 hivi, ukichonge kufuata ukuta ulivyojikunja. Anayebana makabati ukuta hadi ukuta atashinda na randa ndani ya nyumba ya watu, watoto wamemzunguka wanauliza maswali.

3. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, kukatiza nyuzi. Kwa urefu ni kidogo mno. Hili mnalijua darasani, nami nililijua.

Familia moja ilitaka jiko la kisasa: milango bapa isiyo na fremu wala vishikio, nyuzi zimelala mlalo kutoka kabati la kwanza hadi la mwisho kama ubao mmoja. Nikaona fahari kuitengeneza yote kwa mbao halisi zilizoungwa kwa gundi. Mbao zilikuwa na siku nne tu karakana. Kipima unyevu kilikuwa kwenye droo, sikukitoa. Kimo cha kila mlango kilikuwa sentimita 72, na kwa kuwa nyuzi zililala, kimo hicho chote ndicho upande unaotanuka. Nikaacha mwanya wa milimita 2. Vanishi nikapaka mara tatu usoni, mgongoni mara moja, kwa kuwa mgongo hauonekani. Siku ya kukabidhi, mama mwenye nyumba alipitisha kiganja kwenye milango akasema imetulia kama maji.

Mvua zilipoanza akapiga simu: milango imekwama. Nilifika nikamwambia, kwa kujiamini kabisa, kwamba ni mvuke wa sufuria zake. Hilo linaniuma hadi leo kuliko mbao zenyewe. Hakubisha, akaanza kupika madirisha yote wazi, mvua inanyesha. Mimi nikaipiga milango randa ukingoni nikaondoka. Kiangazi kilipofika mbao zikasinyaa, mianya ikafika milimita 7, na milango mitano ikapinda kama sinia, maana mgongo ulipokea na kutoa unyevu upesi kuliko uso. Nikasimama katikati ya jiko lile nikaelewa kuwa nimemtwika mtu kosa la mikono yangu. Nikamwomba radhi mbele ya watoto wake. Milango yote 14 niliitengeneza upya kwa gharama yangu, kwa plaiwudi ya milimita 18 iliyobandikwa vinia, yaani utando mwembamba wa mbao halisi, pande zote mbili, nyuzi mlalo vile vile. Tabaka za plaiwudi zimepishana nyuzi, kila moja inamzuia jirani yake.

Kwa hiyo: mlango bapa, plaiwudi na vinia. Ukitaka mbao halisi, fremu na paneli, na paneli icheze ndani ya mfereji bila tone la gundi. Kaunta ya mbao ifungwe kwa skrubu kwenye matundu marefu ili isogee. Rangi au vanishi, idadi sawa uso na mgongo. Na toeni kile kipimo kwenye droo! Mbao za ndani ya nyumba zisizidi unyevu wa asilimia 12 au karibu na hapo. Paneli ya yule kijana tuliiwahi gundi ikiwa mbichi.

4. Droo za kona: zifungue kwenye mchoro, zote, uone kishikio cha huku hakigongi droo ya kule.

5. Tundu la bawaba ya kikombe, ile inayozama mgongoni mwa mlango, lina upana wa milimita 35. Funga kizuizi kwenye keekee, kina kisipite milimita 13, la sivyo utatokea upande wa pili.

6. Matambara yenye mafuta ya kitani msiyafinyange mkayatupa kwenye pipa. Hupata joto yenyewe yakashika moto usiku. Yatandazeni nje, moja moja, yakauke.