Je, machozi ya anayeuguza hulisha saratani?

SWALI: Daktari, mume wangu ana saratani ya utumbo mpana na yuko kwenye kemotherapi. Namuuguza peke yangu, mwezi wa saba huu. Silali. Juzi alitapikia shuka nililotoka kulitandika, nikamfokea, kisha nikajifungia bafuni nikalia. Mtu anayetuuzia mitishamba anasema uvimbe hula huzuni ya nyumba, kwa hiyo nisilie, na ameniachia vidonge vya kutuliza moyo. Ni kweli nitamsambazia ugonjwa?

JIBU: Hapana, dada yangu.

Saratani ya utumbo mpana ikisambaa, mara nyingi hukimbilia ini, kwa sababu damu itokayo utumboni hupita kwenye ini kwanza na hubeba seli zilizobanduka kwenye uvimbe. Machozi yako yatapenya wapi hapo? Hata majonzi ya mgonjwa mwenyewe hayana nguvu anayoyapa huyo muuzaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo, na hali ya hisia zao mwanzoni haikutabiri nani angeishi zaidi. Sasa ya mkewe, tena aliyejifungia bafuni!

Uongo huu naukuta karibu kila kliniki, na unanikera kuliko mengine yote, maana humnyang'anya anayeuguza hata ruhusa ya kuchoka. Anakaza uso mchana kutwa, ndugu wanamsifu kwa moyo wa chuma, na siku ugonjwa ukizidi anajihesabu kuwa ndiye aliyeua. Nimewasikiliza wajane wanaobeba hatia hiyo miaka mingi baada ya mazishi. Muuzaji hayupo tena wakati huo.

Kumfokea mgonjwa baada ya miezi saba bila usingizi ni uchovu. Mwombe radhi, mwendelee. Ninachotaka kujua ni kingine: je, kwa wiki 2 mfululizo siku nyingi huna raha na chochote, hamu ya kula imepotea, au hulali hata pale mgonjwa anapolala? Hiyo inaweza kuwa sonona, nayo hutibiwa. Kliniki ijayo mwambie daktari au muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kwamba safari hii una tatizo lako mwenyewe. Kuwaangalia wanaouguza ni sehemu ya kazi yao. Yakikujia mawazo kwamba afadhali ufe, usingoje kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Vidonge hivyo usivimeze. Hujui ni nini. Vingi vinavyouzwa kwa jina la kutuliza ni vya jamii ya diazepamu, na mwili huvizoea ndani ya wiki chache, kisha kuviacha kunakuwa mateso mapya. Tena fikiria usiku: mgonjwa wa kemotherapi akipata homa ya nyuzi 38 ni dharura, kwa sababu kinga yake inaweza kuwa imeshuka sana. Nani atamsikia ikiwa wewe umelewa dawa?

Na mitishamba anayopewa mumeo, ipeleke yote kwa daktari wake, chupa na karatasi zake. Baadhi ya mimea huharakisha ini kuiondoa dawa ya saratani mwilini, ikabaki kidogo mno kufanya kazi. Wauzaji wa aina hii hawagongi mlango wa mtu aliyelala vizuri; humtafuta aliyechoka kiasi cha kushindwa kuuliza maswali. Akirudi, muulize jina la dawa iliyomo kwenye vile vidonge, na kipimo chake.